Baltimore na Washington zibaki masoko mawili ya redio

Wanaotaka masoko ya redio (maeneo ambamo wasikilizaji wa vituo huhesabiwa ili kuuza matangazo) ya Baltimore na Washington, Marekani, yaunganishwe, kwa hoja kwamba miji hiyo imeachana kilomita 60 hivi na mawimbi ya vituo vyake yanaingiliana njiani, wanapima umbali badala ya kumpima msikilizaji. WTOP, kituo cha habari cha Washington kwenye 103.5 FM, inatangaza foleni za Washington na Virginia ya kaskazini, ambazo mkazi wa Towson, kando ya Baltimore, hana haja nazo. Na muuza magari wa Towson hatakubali kulipia tangazo kwa bei inayojumlisha masikio ya watu ambao hawatavuka Mto Potomac, unaotenganisha Washington na Virginia, kuja kununua gari kwake. Isitoshe, sheria ya mawasiliano ya Marekani ya 1996 iliweka kikomo cha vituo 8 vya biashara kwa mmiliki mmoja katika soko kubwa, visivyozidi 5 vya FM, kwa hiyo masoko yakiunganishwa, kampuni yenye vituo vingi katika kila mji ingejikuta imevuka kikomo hicho bila kununua hata kimoja (wapo ambao wangelifurahia hilo, nami sitawalaumu). Afadhali kuiga San Jose ya California, ambayo wasikilizaji wake hupimwa peke yao kama soko huku wakihesabiwa pia ndani ya soko la San Francisco.