Mgeni wa maabara, anza na dhahabu tupu

Ukipewa kazi ya kuweka molekuli za semikondakta juu ya dhahabu, kuna hesabu utakayotamani kuipiga hata kabla pampu haijawashwa. Kitabu kinasema kuing'oa elektroni kwenye dhahabu safi kunahitaji nishati ya elektronivolti 5.3 hivi. Unaitoa namba hiyo kwenye nishati ya ayonisho ya molekuli (ile ya kuing'oa elektroni kwenye molekuli yenyewe), basi, umepata kizingiti ambacho umeme lazima ukivuke kati ya metali na molekuli. Usifanye hivyo. Utakosea kwa nusu elektronivolti, pengine zaidi.

Elektroni za metali haziishii kwenye atomi za mwisho. Huchungulia nje kidogo. Molekuli ikitua huzisukuma zirudi ndani, kama godoro linavyobonyea likikaliwa. Hata xenoni, gesi isiyopenda kujihusisha na yeyote, hushusha nishati ya kung'oa elektroni kwenye dhahabu kwa karibu nusu elektronivolti.

Mimi kosa la kutopima dhahabu safi kwanza lilinigharimu wiki tatu. Kwa haraka zangu niliingiza dhahabu iliyolala mezani, nikaruka hatua ya kuisafisha, yaani kuichapa kwa ayoni za gesi ya agoni na kuipasha moto. Nikavukiza molekuli tabaka baada ya tabaka, kipimo hakikusogea. Nikamkimbilia msimamizi: hizi molekuli haziisumbui dhahabu kabisa! Akauliza, "Kabla ya molekuli ilisoma ngapi?" Ilisoma 4.6. Uchafu wa hewani ulishakalia godoro kabla yangu.

Ndiyo maana tunavumilia kusubiri ombwe (chemba iliyonyonywa hewa) lifike kanieneo ya milibari 10⁻¹⁰. Kwenye 10⁻⁶, mabaki ya gesi yanaweza kuufunika uso mzima kwa sekunde chache tu.

Fedha (madini, si mshahara) ina tabia nyingine. Chukua PTCDA, molekuli bapa ya semikondakta: juu ya Ag(111), uso wa fedha uliokatwa ili atomi zipangike kwa msongamano, inalala nanomita 0.286 kutoka atomi za juu, juu ya dhahabu ni 0.327. Tofauti ndogo hiyo ina uzito. Kwenye fedha, ngazi ya nishati ya molekuli iliyokuwa tupu inashuka na kupokea elektroni za metali. Ukiangaza kwa taa ya heliamu, ambayo mwanga wake hung'oa elektroni, kwenye grafu ya nishati zake utaona kijinundu chini kidogo ya kiwango cha Fermi, yaani nishati ya juu kabisa ya elektroni ndani ya metali. Kwenye dhahabu hakipo.

Kijinundu hicho ni cha tabaka la kwanza peke yake, na tabaka zinazofuata hukizika. Kwa hiyo vukiza nanomita 0.1, pima, ongeza, pima tena. Anayeanza na nanomita 10 ameshafukia alichokuja kukitafuta.