Jibu: Msingi umemeza tofali 1,400, fundi alikadiria 800

Habari mkuu. Umesema kiwanja ni Goba, Dar, nyumba ya vyumba vitatu, na tofali za msingi zimepitiliza makadirio. Kabla hujamwita fundi mwizi, nenda saiti uhesabu kozi, yaani mistari ya tofali kwenda juu, kwenye kona zote nne. Msingi wangu ulikuwa na kozi nne upande wa juu na tisa bondeni! Fundi wangu alikadiria kama vile kiwanja ni tambarare.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Pima urefu wa kuta zote, za ndani pia. Zikifika mita 70, kozi moja ya tofali za kusimamisha (zilizokaa kwa ubavu mwembamba) inakula kama 150. Za kulaza, yaani zilizolala kwa ubapa, zinakula karibu mara moja na nusu kwa kimo kilekile, na mafundi wengi msingini wanalaza. Muulize wako alilaza au alisimamisha.

Kifusi, yaani udongo wa kujazia ndani ya msingi, ndicho kitakachokuumiza sasa. Kujaza shimo la upande wa chini kulinimalizia hela ya mabati, nikakaa na boma (kuta bila paa) mwaka mzima. Udongo uliochimbwa usiuze, jazia huohuo. Na bei ya tripu moja ya kifusi ulizia hapohapo mtaani kwako, magari ya kutoka mbali yanakulipisha njia.

Weka picha ya kona ya bondeni tuione.