Maswali na Majibu: Kasoro Kumi na Moja kwa Mpigo

*Mimi ni mlezi wa chama cha wanafunzi wanaojenga modeli za plastiki. Mvulana wa miaka 12 alileta ndege yake ya kwanza, Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, ya skeli ya 1/72 (yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi). Wanachama wakubwa waliigeuza huku na huku, wakamtajia kasoro kumi na moja, zote za kweli: mshono wa mwili unaonekana, kioo cha rubani kina ukungu na alama ya kidole, bawa moja limeinuka kuliko jingine, kijani chake sicho, na kadhalika. Tangu siku hiyo hajarudi. Wenzangu wanasema walimwambia ukweli tu. Tatizo ni nini? – Mwalimu mlezi*

Mwalimu, ukweli waliusema, lakini hawakumwachia la kufanya. Mtoto aliyetajiwa kasoro kumi na moja hajui aanze na ipi, na wala hajaambiwa kwamba nyingi kati ya hizo zinatoka mahali pamoja: kwenye gundi.

Gundi ya modeli haifanyi kazi kama gundi ya karatasi. Huyeyusha kidogo plastiki ya pande zote mbili, kisha zikikauka zinakuwa kitu kimoja. Anayeanza huikamua tyubu moja kwa moja juu ya kipande, ikatoka nyingi kupita kiasi. Akibana, ziada inafurika mshononi, kidole kinaigusa, na kidole hicho hicho ndicho kinachokwenda kushika kioo. Akipiga msasa siku ile ile, plastiki bado ni laini, kwa hiyo mshono unachimbika badala ya kusawazika. Na bawa lililoinuka huenda liliachwa bila egemeo gundi ikiwa bado mbichi. Hapo tumeshagusa kasoro nne, na somo ni moja.

Somo lenyewe halihitaji modeli. Chukueni fremu tupu iliyobaki baada ya vipande kukatwa, mkate vijiti viwili vya urefu wa kidole. Mvulana avishikanishe vikiwa vikavu, achovye brashi ndogo kwenye gundi nyepesi ya chupa, kisha aguse mshono mara moja tu. Ataiona gundi ikijipenyeza yenyewe kati ya vijiti bila kusukumwa. Abane kwa nusu dakika, aviache hadi kesho yake, kisha ajaribu kuvitenganisha. Kama iliyopo ni ya tyubu, aikamue kwenye kipande cha kadi, achote kwa kijiti cha meno na kuweka vitone upande wa ndani wa ukingo, si juu yake. Msasa usubiri saa 24: namba 400 kwanza, kisha 800, ukiwa na maji. Kioo kiunganishwe kwa gundi nyeupe ya mbao, ambayo ikikauka haionekani. Superglue isisogee karibu na kioo, kwa sababu mvuke wake ukitua juu yake huacha ukungu mweupe.

Sasa tuje kwenye maneno. Kabla ya kusema lolote, mjenzi mzoefu aulize: “Bawa hili uliliegemeza na nini lilipokuwa linakauka?” Akijibu “sikuegemeza”, kasoro ameitaja mwenyewe, na kinachobaki ni kumwonyesha jinsi ya kupanga vitabu viwili vya unene sawa chini ya ncha za mabawa. Kusifu nako kuwe na kitu ndani yake. “Nzuri sana” haimsaidii, na watoto huwa wanajua mtu anapowaridhisha tu. Mwambieni kwamba magurudumu yote matatu yanagusa meza, au kwamba rangi haikuchuruzika, kama ni kweli. Mara nyingi hajui kwamba hilo ni jambo gumu.

Suala la kijani liacheni kabisa. Hata katika mashindano ya IPMS, chama cha wajenzi wa modeli kilichoanzia Uingereza miaka ya 1960, waamuzi huangalia kwanza misingi: mishono, mlingano wa vipande, gundi iliyovuja. Kumbana mtoto wa miaka 12 kwa sababu ya kivuli cha rangi ni kuanzia mwisho. Pia mtu asimnyang'anye modeli “amrekebishie”. Ikishatengenezwa na mkubwa, si yake tena.

Mtu mmoja amfuate, asiende na kundi, amwombe alete modeli yake ijayo ikiwa bado kwenye fremu. Ushauri una faida kabla gundi haijafunguliwa. Ukija baada ya vanishi, unabaki kuwa lawama.

*Shikamooni. Nina miaka 14. Stika za maji nilizobandika kwenye mabawa zina utando unaong'aa kama fedha pembeni ya alama. Mtu mmoja mzoefu aliniambia nimeshaharibu, nivue rangi yote nianze upya. Ni lazima? – Msomaji wa kidato cha pili*

Marahaba, kijana. Si lazima, na ushauri huo ni mkali bila sababu. Unachokiona ni hewa. Rangi isiyong'aa ina uso wenye vikwaruzo vidogo sana. Stika ikilala juu yake haishuki hadi chini, hewa inanaswa chini ya utando, na mwanga ukipiga hapo unaona weupe.

Toboa utando kwa ncha ya sindano nyembamba mahali panapong'aa, vitobo vichache tu, kisha pakaa kwa brashi dawa ya kulainisha stika. Ukiikosa, siki nyeupe iliyochanganywa na maji husaidia kidogo, ijapokuwa si kwa stika nene. Jaribu kwanza kwenye stika iliyo chini ya bawa. Utando ukijikunja kama ngozi iliyolowa, usiuguse. Kwa kawaida hujinyoosha wenyewe ukikauka. Rudia mara mbili au tatu. Weupe kidogo ukibaki, uache.

Kwenye modeli ijayo, paka vanishi inayong'aa mahali pa stika, usubiri ikauke usiku kucha. Kata stika karibu na mchoro, izamishe kwenye maji ya vuguvugu kwa sekunde kama 20, iweke juu ya kitambaa hadi iteleze yenyewe kwenye karatasi yake. Ukiisukuma kwa kucha kabla haijawa tayari, itachanika. Lowesha bawa, itelezeshe mahali pake, kisha ukamue maji kwa kijiti cha pamba ukitoka katikati kwenda pembeni. Vanishi isiyong'aa ndiyo ya mwisho.

*Mpwa wangu ana miaka 10 na anataka kuanza. Nimnunulie ipi? – Shangazi mtu*

Shangazi, usichague kwa ukubwa wa sanduku wala kwa uzuri wa picha. Chagua ndege ya injini moja yenye vipande 30 hadi 50, au modeli ya kubonyeza isiyotaka gundi kabisa. Skeli ndogo si lazima iwe rahisi: Spitfire, yenye upana wa mabawa wa mita 11.23, huwa sentimita 15.6 kwa 1/72 na 23.4 kwa 1/48, na vidole vya mtoto hushika hiyo ya pili vizuri zaidi. Epuka ndege za mabawa mawili, moja juu ya jingine, kwa kuwa bawa la juu husimama kwenye nguzo nyembamba ambazo lazima zilingane zote kwa wakati mmoja. Epuka pia vifaru vyenye mnyororo wa kuunganisha pingili moja moja, na meli za matanga.

Vifaa: koleo dogo la kukatia, msasa, gundi, brashi mbili, rangi nne au tano za maji. Bomba la kupulizia rangi lisubiri. Mfundishe kukata mara mbili: kwanza mbali na kipande, kisha karibu, kwa sababu ukikata mara moja ukiwa karibu, plastiki hung'oka na kuacha shimo. Kisu chenye wembe akitumie ukiwa naye, na dirisha liwe wazi gundi inapotumika.

Ukinunua ndege yenye gurudumu la mbele puani, soma maelekezo kabla hajaunganisha mwili. Mengi hutaja uzito wa gramu kadhaa wa kuweka ndani ya pua. Ukisahaulika, ndege itakaa kwa mkia, na mwili ukishagundishwa hakuna pa kuuingizia isipokuwa kwa kutoboa.