Wazee Walilia, Vijana Wakashangilia

Swali la wiki: "Familia inapofanya ibada ya shukrani ya kuanza kujenga upya baada ya janga, je, kulia ni kukosa imani?"

Hapana. Someni Ezra 3. Wayahudi waliorudi kutoka uhamishoni Babeli walianza na madhabahu, wakatoa sadaka asubuhi na jioni huku wakiwahofia majirani. Msingi wa hekalu ulikuja mwaka wa pili, baada ya kuwalipa waashi na maseremala na kuagiza mierezi ya Lebanoni kwa njia ya bahari hadi Yafa. Shukrani haikungoja paa.

Siku ya msingi waliimba kwa kupokezana, kwa parapanda na matoazi, kwamba fadhili za Bwana ni za milele. Wazee walioliona hekalu la kwanza, lililobomolewa mwaka 586 K.K., wakalia kwa sauti kuu. Wengine wakapiga kelele za furaha, na sauti hizo hazikuweza kutenganishwa. Hakuna aliyekemewa.

Kwa hiyo, wewe unayeongoza ibada, usimwambie mtu "futa machozi, shangilia!" Chagua wimbo wa kupokezana, kwa sababu anayeshindwa kuimba hubebwa na wenzake, lakini mapambio ya kasi mfululizo humwacha nyuma. Baada ya neno, acha ukimya wa dakika tatu. Shuhuda mbili au tatu zatosha, na wasemaji waonywe mapema wasiseme "Mungu alituchagua sisi tupone." Aliyezika mtoto amekaa pale pale, naye atasikia kwamba wa kwake hakuchaguliwa.

Wengi hunyamazisha machozi kwa Nehemia 8:10, "furaha ya Bwana ni nguvu zenu." Wasome aya nzima na sura inayofuata. Ile ilikuwa sikukuu, tarehe 1 ya mwezi wa saba, na watu waliambiwa wale kilichonona, wanywe kilicho kitamu, wampelekee sehemu asiyewekewa kitu. Tarehe 24 ya mwezi huo huo walikusanyika kwa kufunga, wamevaa magunia: robo ya siku kusoma torati, robo nyingine kuungama. Huzuni ilipewa siku yake. Nanyi tangazeni siku ya kumbukumbu ya marehemu kabla ya watu kutawanyika, na siku ya shukrani pakueni kwanza sahani za wagonjwa na wajane walioshindwa kuja, kabla foleni haijaanza. Zikiachwa mwisho, hubaki ukoko.

Kinachoharibu zaidi ni kulinganisha kwa kunong'ona: "Nyumba hii si kama ile." Mwaka 520 K.K., hekalu lilipokuwa likijengwa upya, nabii Hagai aliyatamka maneno hayo hadharani. Aliuliza ni nani aliyeiona nyumba katika utukufu wake wa kwanza, na kama hii si kitu machoni pao. Ndipo akawaambia wafanye kazi, Bwana yu pamoja nao. Mpeni mzee mmoja nafasi aeleze nyumba ya zamani ilivyokuwa: vyumba vyake, mwembe wa uani, waliolala humo. Akimaliza, yeye ndiye aweke jiwe la kwanza.