Una -1.25 na unataka urubani wa jeshi? Usikimbilie leza

Mdogo wangu, nimesoma swali lako lote. Una miaka 19, miwani yako ni -1.25 macho yote mawili, unataka kufanyiwa operesheni ya macho ya leza likizo hii ili ukaombe nafasi ya urubani jeshini bila miwani usoni. Halafu hata basi likipiga kona mbili tatu unatapika, na rafiki yako anakushauri usiandike kwenye fomu kwamba umewahi kuvaa miwani. Nitajibu yote, ila la leza ndilo lina haraka. Jibu langu ni subiri kwanza.

Mimi nimerusha helikopta za jeshi karibu maisha yangu yote ya kazi, na miaka ya mwisho nilikuwa nafundisha. Miwani nilianza kuvaa nikiwa tayari rubani. Hapo kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui: kiwango cha kuingilia ni kikali kuliko kiwango cha kubakia. Jeshi likishagharamia mafunzo yako halikutupi kwa sababu namba imepanda kidogo. Mlangoni ndipo pagumu.

Sasa hiyo -1.25 yako. Jeshi la anga la Marekani kwa miaka mingi lilipokea waombaji wa urubani wanaoona 20/70 bila miwani, ilimradi wakivaa wafike 20/20, na kutoona mbali kusizidi -1.50. Jeshi la maji la huko huko lilibana zaidi, likataka 20/40. Kwa wanaopima kwa mita, 20/40 ndiyo 6/12, yaani herufi ambayo mwenye macho mazuri anaisoma akiwa mita 12, wewe unaisoma ukiwa mita 6. Kila nchi ina jedwali lake, na hubadilishwa, kwa hiyo tafuta la kwenu, tena la mwaka huu. Lakini unaona hoja yangu: kwa namba hiyo huenda tayari umo ndani, na leza ikakutoa nje.

Ikutoe vipi? Kwanza, majeshi hayapokei operesheni ya aina yoyote tu. Ile ya zamani ya kuchanja konea, kile kioo cha mbele ya jicho, kwa kisu, RK, inakataliwa, na kwa sababu nzuri. Mwaka 1996 mpanda mlima Mmarekani Beck Weathers, aliyekuwa amefanyiwa RK, alishindwa kuona kule juu Everest kwa sababu konea zile zilizochanjwa hubadilika umbo hewa inapokuwa nyembamba. Fikiria hayo yakikupata ukiwa unatua. PRK na LASIK zinatumia leza na ni habari nyingine. Jeshi la anga la Marekani lilianza kupokea waombaji waliofanyiwa LASIK mwaka 2007. Tofauti yake ni kwamba LASIK hukata kifuniko chembamba cha konea, hukiinua, hufanya kazi chini yake, kisha hukirudisha. PRK haina kifuniko. Huondoa ngozi laini ya juu na kuiacha iote upya, kwa hiyo inauma zaidi na inachelewa kupona, ila hakuna kitu cha kuja kufunuka ukipigwa na upepo wa kujirusha nje ya ndege. Ndiyo maana marubani wengi wa zamani bado wanaipenda PRK.

Pili, hata ikikubaliwa kuna muda wa kungoja baada ya operesheni, na watataka karatasi za vipimo vya kabla. Namba ya kabla ndiyo wanayoitazama, maana leza hubadilisha konea tu, urefu wa jicho unabaki ule ule. Aliyekuwa na namba kubwa bado retina yake, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, imevutika. Na kwa umri wako namba huenda haijatulia. Ukakate leo, miaka miwili mbele urudi kwenye miwani, utakuwa umefanya nini?

Kinachowarudisha vijana nyumbani mara nyingi ni vitu ambavyo hawakuvihofia. Rangi, kwa mfano. Vile vitabu vya nukta za rangi vyenye tarakimu ndani yake, alivyovitunga Mjapani Shinobu Ishihara mwaka 1917, vinaendelea kutumika hadi leo, na siku hizi kuna vipimo vya kompyuta vinavyopima kila rangi kivyake. Kuchanganya nyekundu na kijani hurithiwa kupitia kwa mama na huwapata wanaume mara nyingi zaidi. Haina dawa. Miwani ya rangi inayouzwa mtandaoni haibadilishi kitu mbele ya daktari wa jeshi. Kipimo hiki ni cha dakika chache, kafanye hata kesho.

Halafu kuna matone. Utawekewa dawa inayolegeza msuli unaokaza lenzi ya jicho, mboni zitapanuka, mwanga utakuumiza na maandishi ya simu yatakuwa ukungu. Wanapima tena ukiwa hivyo. Nimeona vijana waliosoma ubao wote bila kukosea hata herufi moja, wakawekewa matone, ikaonekana kumbe hawaoni karibu, na msuli wa ujana ndio uliokuwa unawafichia. Kijana ambaye hajawahi kuvaa miwani hata siku moja anatoka pale amebabaika kuliko wewe mwenye -1.25. Pia watapima kama macho yako mawili yanavuta pamoja, na umbo la konea, kwa sababu kuna ugonjwa wa konea kuchongoka ambao huanza taratibu katika umri wako. Kama una tabia ya kusugua macho, iache.

Kuhusu miwani kazini, usumbufu upo na unavumilika. Helmeti hubana mikono ya miwani juu ya sikio, na baada ya saa moja panauma hasa. Dawa yake ni fremu yenye mikono myembamba iliyonyooka, isiyopinda nyuma ya sikio, unaichomeka baada ya kuvaa helmeti. Jozi ya akiba inakaa kwenye mfuko wa ovaroli unaoweza kuufikia ukiwa umefungwa mikanda. Miwani ya jua ya kukata mng'ao usivae kabisa: skrini za ndege zinaweza kukugeukia giza ukiinamisha kichwa kidogo.

Na hiyo 6/6 mnayoiabudu, yaani 20/20 kwa mita, huko angani haitoshi peke yake. Ukitazama anga tupu, jicho likikosa cha kushika hujirudisha lenyewe kutazama mita moja au mbili mbele, na mwenye macho mazuri anakuwa haoni mbali bila kujua. Nilikuwa nawaambia wanafunzi wangu waguse kwa macho wingu au kilima cha mbali kwanza, ndipo watafute ndege nyingine. Usiku ni hivyo hivyo. Katikati ya retina hapana seli za kuonea gizani, kwa hiyo unatazama pembeni kidogo ya kile unachotaka kukiona, na unayapa macho kama nusu saa yazoee giza kabla ya kuruka. Mwanafunzi wa miwani aliyejifunza haya huiona ndege nyingine kabla ya mwenye macho ya tai asiyejifunza.

Nguvu za G, ule uzito unaokukandamiza kitini ndege ikipiga kona kali, wanaziogopa sana wanaotaka ndege vita. Damu inaposhuka miguuni, macho huzima kabla ya akili: rangi zinafifia, kisha unabaki unaona kama kwa tundu. Hiyo ni onyo, na unafundishwa kukaza mapaja, makalio na tumbo huku ukivuta pumzi fupi kila baada ya sekunde kama tatu. Inajifunzika. Mimi wa helikopta sina mengi ya kukuambia hapo.

Kutapika basi. Wengi hutapika mwanzoni, na wengi huzoea. Zipo shule zinazowakalisha wanafunzi kwenye kiti kinachozunguka, kidogo kidogo kila siku, mpaka masikio, ambayo ndiyo yanayotunza mizani ya mwili, yaache kulalamika. Kula kitu chepesi, usiende na njaa. Tazama nje kwenye upeo wa macho, usiinamie ramani. Na omba usukani, kwa sababu anayeendesha hutapika kwa nadra kuliko anayeendeshwa, jambo ambalo hata kwenye basi dereva anakuthibitishia. Vidonge vya kichefuchefu vinaleta usingizi, usivimeze kimya kimya. Wasiwasi wangu mkubwa ungekuwa kwa mwanafunzi anayeamini mwili wake kuliko vipimo vya ndege vilivyo mbele yake. Ndani ya wingu masikio yatakuapia kwamba umelala upande wakati ndege imenyooka kabisa, na hapo ndipo watu hufa. Anayetapika huku akifuata vipimo, mimi nilimpitisha.

Huyo rafiki wa fomu mpuuze. Mashine inayochora umbo la konea inaonyesha operesheni hata kama umenyamaza. Kuhusu -1.25, mtu hafukuzwi kwa kuiandika iwapo imo ndani ya kiwango. Uongo kwenye fomu ndio unaomfukuzisha, hata akiwa ameshapata mabawa, ile beji ya urubani. Kapime rangi, kawekewe matone kwa daktari wa macho yeyote, uombe nakala ya kila karatasi. Kisha uliza ofisi ya kuandikisha wanapokea operesheni gani na wanataka ungoje muda gani, wakujibu kwa maandishi. Ukishayapata hayo, rudi hapa uyaweke tuyasome pamoja.