Kabla hujafunga injini mpya ya nitro kwenye gari lako la rimoti

Ikiwa injini ya gari lako imekufa na umeshapata mpya, iache hiyo mpya kwenye boksi kwanza. Anza na iliyokufa. Injini ya nitro, yaani injini ndogo inayotumia mafuta yenye nitromethani, haifi bila sababu, na sababu ikibaki kwenye gari itaimaliza na hii uliyonunua. Wageni wengi kwenye mchezo huu wanakimbilia kufunga na kuwasha, halafu baada ya matangi machache ya mafuta wanalalamika kwamba wameuziwa injini feki.

Chomoa chujio la hewa, chukua kitambaa cheupe safi, kizungushie kwenye kijiti na upanguse ndani ya mdomo wa kabureta. Kikitoka na vumbi la kahawia, muuaji umempata. Vumbi lililopita pale linaingia hadi kwenye pistoni na silinda, na injini hizi hazina ringi za pistoni za kushika kompresheni. Nyingi ni za mtindo unaoitwa ABC: pistoni ya aluminiamu ndani ya silinda ya shaba iliyopakwa kromu, na silinda yenyewe imebanwa kidogo upande wa juu. Mbano huo ndio unaoshika kompresheni. Vumbi likiusaga, umekwisha, hakuna cha kubadilisha kwa bei ndogo. Kwa hiyo nunua sponji mpya ya chujio, ipake oili yake, na hakikisha mpira unaoishikilia kwenye kabureta haujapasuka.

Kama kitambaa kimetoka safi, fungua plagi uangalie waya wake mdogo wa ndani. Waya uliopinda, uliofifia na kuwa wa kijivu au uliokatika mara nyingi unakuambia injini ilikuwa inapata mafuta kidogo mno kwa hewa inayoingia, ikachemka. Hapo chunguza tangi na mipira ya mafuta. Ziba matundu ya tangi, lizamishe kwenye maji, ulipulize kupitia mpira mmoja. Mapovu yakitoka kwenye mfuniko au kwenye kiungio, hata urekebishe kabureta mwezi mzima haitatulia. Binafsi sifungi injini mpya na mipira ya zamani, kwa sababu bei ya mpira ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya injini.

Kuhusu ukubwa, namba zinazoandikwa kwenye injini ni inchi za ujazo: .15 ni kama cc 2.5 (sentimita za ujazo), na .21 ni kama cc 3.5. Usikubali kushawishika na kubwa kabla hujapima gari lako. Angalia ekzosi inatokea ubavuni au nyuma, matundu ya miguu ya injini yanalingana na yale ya chasisi au hapana, na zaidi ya yote angalia shafti ya krenki. Kuna shafti zenye nyuzi kwa nje za kukazwa nati, na kuna fupi ambazo zinapokea skrubu kwa ndani. Klachi ya aina moja haikai kwenye nyingine, na shafti ikiwa ndefu kuliko inavyotakiwa, kikombe cha klachi hakitakutana sawasawa na gia kubwa.

Flaiwili, lile gurudumu zito linalokaa kwenye shafti, inashikwa na koni ndogo ya shaba. Safisha koni na shafti kwa spiriti, pasiwe na tone la oili, kisha kaza nati vizuri. Hapa kuna tabia moja mbaya sana: mtu anaingiza bisibisi kwenye tundu la ekzosi ili kuizuia pistoni isizunguke anapokaza. Bisibisi hiyo inachubua pistoni, na injini imeharibika kabla haijawaka. Shika flaiwili yenyewe kwa glovu nene, au tumia kifaa cha plastiki kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Kikombe cha klachi kikishafungwa kizunguke kwa uhuru, na ukikisukuma kwa kidole uhisi mchezo mdogo wa mbele na nyuma. Kisipocheza kabisa, beringi zake zitaungua. Kikicheza sana, ongeza washa nyembamba (kile kisahani chenye tundu).

Sasa nafasi ya meno ya gia. Kama una subira ya jambo moja tu katika kazi hii yote, itumie hapa. Weka injini kwenye chasisi na skrubu zikiwa zimelegea. Kata kipande chembamba cha karatasi ya daftari, kipitishe kati ya kikombe cha klachi na gia kubwa, sukuma injini mpaka karatasi ibanwe, kisha kaza skrubu kidogo kidogo kwa mshazari. Zungusha gia karatasi itoke. Inatakiwa itoke na mikunjo ya meno inayoonekana wazi, lakini isiwe imekatika. Halafu rudia kuangalia mahali patatu au panne kwenye mzunguko wa gia, maana gia za plastiki si zote ni duara kamili, na pale palipobana zaidi ndipo unapopimia. Meno yakibana sana yanakula beringi za klachi na kuipa injini mzigo. Yakiachana sana, gia inanyolewa siku ya kwanza.

Ukisharidhika, toa skrubu moja moja, isafishe, weka tone la gundi ya bluu ya kushikilia nyuzi za skrubu na uirudishe. Nyekundu usiiguse, hutaweza kuifungua tena bila moto.

Ekzosi iwe na gasketi yake na springi zake, na mpira mdogo unaotoka kwenye ekzosi kwenda tangi uwe umeunganishwa. Presha ya moshi ndiyo inayosukuma mafuta kwenda kwenye kabureta. Kisha washa rimoti na risiva, injini ikiwa bado haijawashwa, uangalie mkono wa servo, ile mota ndogo inayovuta kabureta na breki. Kidole kikiwa hakijagusa kitu, mlango wa kabureta ubaki wazi kama milimita moja hivi. Ukivuta breki, mlango usifunguke. Funga na springi au mpira wa kuufunga mlango betri ikiisha, kwa sababu gari la kilo kadhaa linalokwenda kasi bila anayeliongoza linaweza kumvunja mtoto mguu.

Sindano za kabureta, yaani skrubu za kupimia mafuta, ziache kama zilivyotoka kiwandani. Ukitaka kujua zilipo, funga taratibu huku ukihesabu mizunguko, andika, kisha rudisha palepale.

Injini mpya ikiwa baridi itagoma kupita juu kabisa, na utadhani imekwama. Ni ule mbano wa silinda niliousema. Usivute kamba ya kuwashia kwa nguvu za hasira. Pasha kichwa cha injini kwa drayeri ya nywele mpaka kiwe cha moto kweli, kisha vuta kwa mivuto mifupi. Kamba ikikaza ghafla kabisa, mafuta yamejaa ndani: toa plagi, geuza gari, vuta kamba mafuta yatoke. Ukiendelea kuvuta utapinda konektingi rodi.

Matangi manne au matano ya mwanzo ni ya kuizoesha. Moshi uwe mwingi, mwendo uwe wa kupanda na kushuka bila kushikilia resi ndefu, na joto la kichwa likae kati ya nyuzi 90 na 110 za selsiasi. Kuiacha iungurume mezani muda wote ikiwa ya baridi kunaichakaza bila faida. Kila tangi likiisha, zungusha flaiwili mpaka pistoni iwe chini, ndipo uiache ipoe, ili silinda isijifinye ikiwa imebana pistoni. Baada ya tangi la kwanza jaribu tena skrubu za miguu ya injini.

Mafuta ni methanoli, nitromethani na oili, basi. Petroli haifanyi kazi humu hata uichanganye vipi, kwa kuwa plagi hii haitoi cheche. Waya wake wenye platinamu unabaki mwekundu kwa sababu ya methanoli yenyewe. Methanoli ni sumu, na mwali wake mchana hauonekani, kwa hiyo usijaze tangi karibu na injini ya moto. Tena inafyonza unyevu. Walioko Mombasa, Dar es Salaam au Maskati, ambako hewa ina maji na chumvi, wasilaze gari na mafuta ndani hata usiku mmoja. Maliza tangi, washa mpaka mabaki yaishe, tia matone machache ya oili ya kuhifadhia kupitia tundu la plagi na mdomo wa kabureta, zungusha mara kadhaa.

Na ukiipandisha kutoka pwani kwenda Nairobi, karibu mita 1,700 juu, hewa ni nyepesi zaidi na injini itakuwa kama inalishwa mafuta kupita kiasi. Funga sindano kubwa (ya mwendo kasi) kidogo sana, kama mshale wa dakika unavyosogea kwa dakika tano, kimbiza gari, pima joto, ndipo uamue kama inahitaji zaidi.