Kabla hujatoa jibu la HbA1c, uliza umri wa chembe nyekundu

Wewe unayeanza kazi maabara utakizoea upesi kipimo cha HbA1c (sehemu ya himoglobini, protini ya chembe nyekundu, iliyoshikwa na sukari), na hapo ndipo penye mtego. Mashine inakupa asilimia 6.2 au 9.8, unaona kazi imekwisha. Kumbe namba hiyo imebeba mambo mawili: wingi wa sukari kwenye damu, na muda ambao chembe nyekundu zimeishi ndani ya sukari hiyo.

Glukosi hujishikiza kwenye himoglobini bila msaada wa kimeng'enya chochote, ikabaki hapo hadi chembe ife. Kwa kawaida chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, ndiyo maana jibu huelezea miezi miwili hadi mitatu iliyopita, ingawa mwezi wa mwisho ndio wenye uzito zaidi. Chembe zikifa mapema hazipati muda wa kubeba sukari. Jibu linashuka hata kama kisukari kimepamba moto. Upungufu wa madini ya chuma, kinyume chake, unaweza kulipandisha.

Tuseme glukosi ya asubuhi kabla ya kula ni 13 mmol/L, halafu HbA1c inasoma asilimia 5.4. Haviendani. Usirudierudie kupima ukidhani mashine itaona aibu. Kama mnatumia kromatografia, njia inayotenganisha aina za himoglobini, fungua mchoro uone kama kuna kilele cha himoglobini S au C, aina za kurithi zisizo za kawaida. Soma fomu: ana selimundu (himoglobini SS)? Ameongezewa damu karibuni? Fomu ikiwa tupu, na mara nyingi huwa tupu, mpigie simu daktari aliyeagiza kipimo.

Hapo pendekeza fruktosamini, inayopima sukari iliyoshika protini za plazima, hasa albumini, na kuonyesha wiki mbili hadi tatu tu. Nayo ina kasoro yake: figo zikivujisha protini kwenye mkojo, jambo la kawaida kwa wenye kisukari, albumini hushuka na jibu hushuka nayo. Kwa hiyo pima albumini pia.

Sampuli ni damu nzima kwenye chupa yenye EDTA, kemikali ya kuzuia damu kuganda, igeuzwe taratibu isigande. Mgonjwa hahitaji kufunga, usimrudishe nyumbani kwa sababu amekula.

Angalia vizio pia: asilimia 6.5, kiwango cha kutambua kisukari, ni sawa na 48 mmol/mol. Na jibu lenye shaka liambatane na maoni yanayosomeka: "HbA1c haiaminiki kwa mgonjwa huyu kwa kuwa ana himoglobini SS, tumia glukosi au fruktosamini."